Mwaka wa Kuuliza Mara Moja

Mwezi uliopita Njeri alipita Dallas akiwa njiani kurudi Kenya, safari hii kwa kuhamia kabisa, na mimi nikaapa kwamba hapandi ndege bila kula kwangu. Basi akaja Garland, kando ya Dallas, nikaalika na watu wawili watatu wa kazini, nikapika pilau na kachumbari, tukakaa tunaagana. Katikati ya chakula mgeni wangu mmoja, mfamasia, akamgeukia Njeri na kumuuliza kwa Kiingereza, kwa upole kabisa, anajisikiaje kuondoka baada ya miaka yote hiyo. "So how do you feel?" Njeri akaweka kijiko chini. Hakumtazama aliyemuuliza, alinitazama mimi, akasema taratibu, kila silabi mahali pake: "Miltä sinusta tuntuu?" Nilipaliwa na pilau. Tulicheka mpaka wageni wakadhani tunawasengenya. Wakauliza hicho ni Kikuyu? Njeri akafuta machozi, akasema, "Wapi! Hicho ni Kifini, na huyu mwanamke wa Tanga ndiye alinitoa jasho nikimfundisha." Ikabidi niwahadithie pale pale mezani, lakini niliwahadithia vibaya, kwa sababu niliwapa vichekesho tu. Hapa nataka kuusimulia mwaka huo kama ulivyokuwa, maana mimi, Zuhura mnayemjua leo, nilianzia hapo.

Ulikuwa mwaka 2018. Nilikuwa msichana mwenye mdomo mwepesi, nasoma chuo mchana wa siku fulani, na siku zilizobaki nahudumia wazee katika nyumba moja ya kulelea wazee huko Carrollton, pembeni mwa Dallas vilevile. Chumba ninachokikumbuka kuliko chumba chochote nilicholala mwenyewe Marekani ni cha Bibi Aino. Kilikuwa mwisho wa korido, dirisha lake likitazama maegesho ya magari na mti mmoja mwembamba uliofungwa kamba usianguke. Ndani kulikuwa na kitanda kilichosukumwa ukutani, blanketi la sufu la rangi ya buluu, viti viwili, na rafu ya vikombe vyembamba vya kahawa ambavyo hakuna aliyevitumia. Kiyoyozi kilivuma kutwa, na nje jua la Texas likawaka kama limetumwa. Bibi Aino alizaliwa Ufini, akaja Texas na mumewe akiwa kijana, akaishi kwa Kiingereza karibu maisha yake yote. Kisha uzee ukaanza kumpunguzia mambo, na kitu cha kwanza kumwondoka kilikuwa hicho Kiingereza. Nilipoajiriwa alikuwa hana tena hata neno la kuomba maji. Alibaki na Kifini chake, na katika nyumba nzima hapakuwa na mtu wa kukipokea.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Kristina, aliyeishi Katy, upande wa pili wa Houston, na kufanya kazi ya ofisi inayomweka barabarani asubuhi na jioni. Kila Jumamosi asubuhi alikuja kwa gari kutoka huko, mwendo wa saa nne, maua mkononi, mkoba begani, anaingia chumbani kama upepo. "Hi Mama! How do you feel? Umelala vizuri? Wamekupa chakula?" Yote kwa Kiingereza, na hapo hapo ameshamkumbatia. Na kila Jumamosi mama yake alikaza mwili, akausukuma mkono wa mwanawe, akageuza uso. Kristina alizaliwa Texas na hakufundishwa Kifini hata kidogo, mama alitaka mtoto awe Mmarekani kamili. Nyumbani kwake Katy alikuwa ameshatayarisha chumba cha chini, chenye bafu lake, amhamishie mama kabla mwaka haujaisha. Siku moja alinikuta nakunja mashuka, akaniambia kitu ambacho sikukitegemea kwa mwanamke mwenye viatu vizuri vile. Alisema hawezi kumbeba mama yake kwa nguvu. Kama mama anamwogopa, au amemchukia, basi atamwacha papa hapa alipozoea, na kile chumba atakifunga. "Nataka kujua kitu kimoja tu, Zuhura," akasema. "How does she feel? Hicho tu."

Mimi nikasema, hilo tu? Nitakuulizia! Nilisema hivyo kama mtu anayetumwa chumvi dukani. Nilikuwa na simu, na simu ina tafsiri. Nikaandika swali la Kristina kwa Kiingereza, simu ikanipa Kifini, nikakisoma kwa Kitanga changu mbele ya Bibi Aino. Alinitazama kama mtu anavyotazama redio yenye mikwaruzo. Nikajaribu maneno mengine, simu ikanipa mengine, na kila mara neno la katikati lilibadilika. Hapo ndipo nilipoingiwa na wazimu wa neno lile, na wazimu huo haujanitoka mpaka leo. Nikaanza kulifikiria kwa Kiswahili kwanza. Feel ni nini? Sisi njaa tunaisikia, baridi tunaisikia, aibu tunaiona, raha tunaiona, homa tunaihisi, na mwili mzima ukikataa tunasema sijisikii vizuri. Mwingereza amevimimina vyote katika sufuria moja na kufunika. Nilikuwa nasukuma kigari cha chakula, viazi vya kupondwa na jeli nyekundu, huku nacheka peke yangu koridoni kwa furaha ya kugundua jambo ambalo nimelisema maisha yangu yote bila kulijua.

Nikatupa sauti kwenye kundi letu la WhatsApp la Waswahili wa Texas: jamani, kuna mtu yeyote anajua Kifini? Mlijue kundi lile. Wa kwanza akauliza Kifini ndiyo nini tena, dawa ya mafua? Wa pili akatangaza kwamba Zuhura amepata mchumba mzungu, waanze kuchanga. Mkongo mmoja akasema Kifini hana, lakini Kifaransa kipo, kama nitakubali. Nilikuwa nimeshakata tamaa nilipopata ujumbe wa sauti wa mwanamke nisiyemjua, kelele za magari nyuma yake. "Sasa, wewe msichana wa Kifini? Mimi naitwa Njeri, ni nurse hapa Houston. Nilisomea nursing huko Finland, winter ikanikula mpaka masikio. Hiyo lugha niko nayo. Nipigie nikitoka job, mimi hukaa kwa jam kama mtu amewekwa rumande." Niliruka! Nilikuwa jikoni kwetu Carrollton na mwiko mkononi, nikaruka hadi dada niliyekuwa naishi naye akatoka chumbani kuuliza kama nimepata viza ya kudumu.

Basi nikawa nasoma Kifini kwenye foleni ya Houston. Njeri alikuwa amenizidi umri, mwanamke wa sauti nzito na subira fupi, na alinifundisha akiwa nyuma ya usukani huku akiwagombeza madereva wengine. "Sema tuntuu. Vuta hiyo u, vuta, usiogope. Ngai, huyu naye ana-indicate kushoto anaenda kulia!" Akanieleza kwamba kule huulizwi unajisikiaje kana kwamba wewe ndiye unayefanya hiyo kazi ya kujisikia. Unaulizwa miltä sinusta tuntuu, yaani inakujia vipi, dunia inakuwaje kwako ulipo. Akaniambia kwamba salamu yao, mitä kuuluu, ukiichambua ni kuuliza kinasikika nini, nikapiga kelele, maana ilikuwa kama habari yetu kabisa. Nikawa mlafi. Nikamwomba na salamu nyingine: umelalaje, unasikia baridi, unasikia njaa, kuna panapouma? Akanipa zote. Kwa kuwa naye ni mtu wa kwetu, hakuona kosa lolote linalokuja. Nilizikariri bafuni, nilizikariri kwenye mstari wa duka, na asubuhi moja nikaingia chumbani kwa Bibi Aino nimejiandaa kama bibi harusi.

"Huomenta! Mitä kuuluu?" nikamwamkia. Macho yake yalifunguka. Sijawahi kuona uso unafunguka namna ile, mikunjo yote ilihama mahali pake. Akafungua mdomo. Na mimi, Mtanga niliyelelewa kwamba kumsalimia mtu mzima kwa neno moja ni utovu wa adabu, nikaendelea. Umelala vizuri? Unasikia baridi? Njaa? Panauma? Miltä sinusta tuntuu? Nilimwaga zote kwa mfululizo, nikitabasamu, kama tunavyosalimiana sisi, swali juu ya swali, tukipokea na kupokezana bila kungoja jibu kamili. Mdomo wake ulijifunga kidogo kidogo. Nilipomaliza aliinua mkono, akasema neno moja, "Hiljaa," akageukia ukuta. Nilitoka mbio kwa shangwe nikampigia Njeri. Amejibu! Anajisikia hiljaa! Upande wa pili kulilipuka kicheko ambacho kilinifanya niitoe simu sikioni. "Zuhura," akasema alipopata pumzi, "amekuambia unyamaze."

Nililia, sitaficha. Nilikaa kwenye ngazi za nyuma na sare yangu nikalia, kwa sababu nilimwona yule mama akifungua mdomo, nami ndiye niliyeufunga. Njeri aliacha kucheka. Akaniambia, "Sikia, mdogo wangu. Makosa ni yangu pia, hata mimi niliyafanya. Mwaka wa kwanza huko nilikuwa nafikiria hao watu wananichukia. Naongea, wananyamaza. Nauliza, wananiangalia. Kumbe walikuwa wananingoja nimalize! Mfini ukimuuliza kitu, anaenda kukitafuta ndani huko. Ukiongeza swali lingine kabla hajarudi, umemfungia mlango nje." Nikamuuliza nifanye nini sasa. "Enda na kahawa. Kahawa nyepesi, si ile yenu ya kuamsha maiti. Mpe, ukae chini na wewe unywe. Unyamaze. Ukiona ametulia, uliza hiyo moja peke yake. Mara moja tu. Usirudie, usimsaidie, usitabasamu sana."

Nikashusha vikombe vile vyembamba, nikaviosha, na muuguzi wetu wa zamu akaniruhusu nikae na Bibi Aino kipindi changu cha mapumziko. Ndugu zangu, kunyamaza ni kazi! Kwetu mgeni akikaa kimya mbele yako mnaulizana mmekoseana nini. Siku ya kwanza nilihesabu vigae, nikaung'ata ulimi, nikakohoa bila kikohozi, na kila neno la Kiswahili na Kiingereza nililowahi kulijua likaja kugonga meno litoke. Bibi Aino alikunywa kahawa yake akitazama maegesho. Siku ya pili na ya tatu zilikuwa vivyo hivyo. Lakini kidogo kidogo nikaanza kusikia chumba: kiyoyozi, kijiko kikigusa kisahani, pumzi yake ikishuka. Nikaanza kuona kwamba ananitazama pale ninapotazama pembeni. Sikuuliza chochote, wala sikuona haraka, na kwa mtu kama mimi hayo yalikuwa mageuzi makubwa.

Asubuhi moja nilikuwa sijala, nikaja na mandazi yangu ya iliki niliyoyapika nyumbani, nimeyafunga kwenye karatasi. Nilipoyafungua Bibi Aino aliacha kikombe hewani. Akanusa. "Pulla," akasema, na kabla sijaelewa ameshachukua moja kiganjani mwangu, akalivunja, akalichovya kwenye kahawa, akala macho yamefumbwa. Sikusema kitu, na nilijisifu kwa hilo siku nzima. Jioni Njeri alipiga honi ya gari lake kwa furaha. "Iliki! Pulla ni mkate wao wa kahawa, na hao huutia iliki! Zuhura, umempikia kwao!" Tangu siku hiyo sikukosa mandazi. Dada wa nyumbani alilalamika kwamba mapazia yananuka mafuta, nami nikamwambia ni kwa ajili ya elimu.

Siku niliyouliza, Njeri alikuwa hewani kwenye simu yangu mezani, kwa ruhusa ya Kristina, naye ameapa kutofungua mdomo. Kahawa iliisha. Makombo ya mandazi yalikuwa kifuani kwa Bibi Aino. Nikasema, taratibu, nikivuta ile u kama nilivyofundishwa: "Miltä sinusta tuntuu?" Kisha nikangoja. Leo mimi ni mkalimani hospitalini. Daktari huuliza anajisikiaje, nami namgeuzia mgonjwa kwa Kiswahili, na mgonjwa wetu, hata akiwa anakufa, hujibu kwanza salama tu, namshukuru Mungu. Madaktari wengine hutaka kuendelea na swali jingine hapo hapo. Mimi huinua kidole, nangoja, na maumivu yenyewe hufuata nyuma ya ile salama. Wananiuliza nilisomea wapi. Nilisomea pale, kwenye kile kiti, nikimwangalia bibi wa Kifini akienda kutafuta jibu lake mbali sana na kurudi nalo kwa miguu. "Kaikki tuntuu vieraalta," akasema mwishowe. Kila kitu. Hilo neno la kwanza nililijua. Njeri alivunja kiapo, sauti yake ikatoka ndogo kwenye simu. "Anasema kila kitu ni kigeni. Hakuna kitu anakitambua, Zuhura. Ana-feel kama yuko ugenini." Sote watatu tukanyamaza tena, na safari hii hakuna aliyenilazimisha.

Kristina alikuja Jumamosi na maua yake. Nilimzuia mlangoni, nikampeleka kwenye viti vya koridoni, nikamweleza. Alikaa chini taratibu. "Kwa hiyo mimi ni mgeni kwake," akasema. Nikamwambia si kwamba mama anamchukia. Mama anaamka kila siku katika nchi asiyoijua, na anatokea mtu anaingia mbio, anamshika, anamuuliza mambo kwa lugha asiyoijua. Ningekuwa mimi ningepiga mayowe. Kristina akacheka huku analia. Nikamwambia tufanye hivi: wiki ijayo usije na maua, wala usimkumbatie. Nikamfundisha ile sentensi moja. Lo! Nilidhani mtoto wa Mfini ataipata kwa damu, kumbe ulimi wake ulikuwa wa Texas kabisa, ukateleza kwenye zile vokali kuliko wangu. Tulirudia pale koridoni hadi wazee waliopita na vigari vyao vya kutembelea wakaanza kuisema nao. Nilikuwa na raha isiyo na kiasi, raha ya kumpa mtu kitu ambacho ni chake mwenyewe. Niliwaza watoto wetu kwenye sherehe za Garland, unawaamkia hamjambo wanakujibu "I'm good," nikaogopa kidogo.

Jumamosi iliyofuata aliingia chumbani polepole, bila maua, akakaa kwenye kile kiti cha pili. Mimi nikamimina kahawa, nikagawa mandazi, nikasimama kando ya mlango. Bibi Aino, aliyekuwa ameegemea mito kitandani, alimtazama, akatazama dirisha, akachovya mandazi. Kristina alikuwa ameshika kikombe kwa mikono yote miwili kama mtu anayeogopa kukivunja. Magari yalikuja na kuondoka huko nje. Mwishowe akaweka kikombe chini na kuuliza, kwa Kifini kilichojikwaa njia nzima lakini kikafika. Bibi Aino hakujibu. Muda ukapita. Kristina akanigeukia, nikaona anataka kuuliza tena, au kuomba radhi, au kukimbia. Nikatikisa kichwa: ngoja. Akangoja. Mama yake alikuwa amemgeukia mwili mzima sasa, anamsoma uso kuanzia paji hadi kidevu, bila haraka yoyote. Kisha akasema: "Entä sinusta?"

Hilo sikuhitaji Njeri. Nililielewa lenyewe, likaingia kifuani kabla ya kichwani. "Anakuuliza wewe," nikamwambia Kristina. "Anasema, na wewe je? Wewe unajisikiaje?" Kristina akafungua mdomo na ile "I'm fine" ikawa imeshafika mlangoni, niliiona. Haikutoka. Kama mama yake, naye akaenda kulitafuta jibu ndani. "Nimechoka," akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya mtoto. "Zuhura, mwambie nimechoka sana." Na mimi hilo neno sikuwa nalo! Nilitoka mbio koridoni, nikampigia Njeri kazini kwake, akapokea kwa kunong'ona, "Niko kwa ward, sema haraka." Nikasema, nimechoka, nimechoka ni nini? "Olen väsynyt," akanong'ona. "Nani amechoka?" Nikakata simu bila kumjibu.

Niliporudi ningeweza kumwambia Bibi Aino mwenyewe, lakini nilimwinamia Kristina na kumpa sikioni, maana yalikuwa yake kuyasema. Akayasema. Bibi Aino akakubali kwa kichwa, kama mtu aliyekuwa akilijua hilo siku nyingi na alikuwa akingoja tu aambiwe. Akaweka kikombe chake rafuni. Akajisukuma kwa viwiko, kidogo kidogo, mpaka mgongo wake ukagusa ukuta, kisha akainua ncha ya lile blanketi la buluu, akaishikilia juu. Kristina alivua viatu. Akapanda, akajikunja mle ndani, mwanamke mzima na nywele zake zenye mvi, na mama yake akamfunika mpaka begani. Nilitoa vikombe, nikafunga mlango taratibu, nikasimama nje kuwazuia watu wasiingie.